Antibiotiki Kutoka kwa Bakteria Waliobadilishwa Jeni: Tuanze na Kinachotoka Mferejini

Ndani ya tangi la chuma lenye ujazo wa lita 100,000 au zaidi, bakteria wa jamii ya Streptomyces hawaelei mmoja mmoja. Wanakua kama nyuzi, nyuzi zinasokotana, na baada ya siku chache kimiminika chote kinakuwa kizito kiasi kwamba mapanga ya kukorogea yanakula umeme mwingi na hewa inayopulizwa kutoka chini haiwafikii wote. Isitoshe, wakiwa wameshiba hawatoi dawa. Wanaanza kuitoa ukuaji unapopungua, hasa fosfeti na nitrojeni zinapokaribia kuisha, na hata hapo wanatoa kidogo tu, kiasi kinachowatosha katika maisha yao ya udongoni. Kiwanda kinataka gramu nyingi kwa kila lita, mfululizo, kwa siku nyingi.

Bakteria hawa na ndugu zao wa karibu ndio chanzo cha zaidi ya nusu ya antibiotiki zinazotokana na viumbe hai. Streptomycin ilipatikana mwaka 1943 kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Erythromycin ilitoka kwenye udongo wa Ufilipino, na vancomycin kwenye udongo wa Borneo. Leo wanasayansi wanaweza kuingia kwenye jeni za viumbe hawa, kuongeza nakala za jeni zinazotengeneza dawa, kuzima zile zinazoizuia, au kupandikiza jeni ya kiumbe kingine kabisa. Wanaounga mkono wanasema hii ndiyo njia ya kupata dawa nyingi na nafuu. Wanaopinga wanahofia viumbe vilivyotengenezwa maabara kutorokea kwenye mazingira, na jeni za usugu, zinazowafanya bakteria wasiuawe na dawa, kusambaa. Mimi naunga mkono teknolojia hii, ila naona kila upande umeshikilia hoja yake iliyo dhaifu na kuiacha ile yenye uzito.

Nianze na hofu ya kuvuruga maumbile. Hofu hii inachukulia kwamba viumbe vinavyotumika viwandani sasa ni vya asili. Si vya asili, na havijawa hivyo tangu miaka ya 1940. Kuvu wa penicillin waliopatikana kwenye tikiti lililooza huko Peoria, Illinois, mwaka 1943, walipigwa miale ya eksirei, kisha kizazi chao kikapigwa miale ya urujuanimno, na waliotoa dawa nyingi wakachaguliwa kuendeleza kizazi. Kuvu si bakteria, lakini Streptomyces wa viwandani nao walipitishwa njia hiyohiyo. Miongo kadhaa baadaye jeni za kuvu hao ziliposomwa, ilionekana kwamba kipande kizima cha jeni za penicillin kilikuwa kimejirudia mara kadhaa, pamoja na mabadiliko mengine chungu nzima ambayo hakuna aliyeyakusudia. Kwa hiyo anayekubali mionzi lakini akakataa uhandisi jeni anakubali kubadilisha mambo elfu gizani na kukataa kubadilisha moja kwenye mwanga.

Kuna mfano mmoja wa badiliko la namna hiyo ninaoupenda. Vitreoscilla ni bakteria anayeishi mahali penye oksijeni haba, na ana protini inayofanana na himoglobini ya damu yetu, inayomsaidia kuinasa oksijeni hiyo kidogo. Watafiti walichukua jeni ya protini hiyo wakaiweka kwa Saccharopolyspora erythraea, bakteria anayetoa erythromycin. Kwenye matangi ya majaribio, kiasi cha dawa kilipanda kwa zaidi ya nusu. Hawakugusa njia yenyewe ya kutengeneza dawa. Walitatua tatizo la hewa lililokuwa likiwasumbua wahandisi wa matangi kwa miaka mingi.

Hata hivyo, takwimu za namna hii zisomwe kwa uangalifu, na hapa watetezi huwa wepesi mno wa kushangilia. Kromosomu ya Streptomyces, yaani uzi wa DNA unaobeba jeni zake, imenyooka, haijafunga duara kama ya bakteria wengi, na ncha zake hupoteza vipande vikubwa kwa urahisi. Nakala za jeni zilizoongezwa ni mzigo kwa kiumbe. Kutoka chupa ya mbegu, yaani bakteria wa kuanzishia uzalishaji, hadi tangi kubwa, vizazi vingi vinapita, na wale walioutua mzigo huo njiani huzaliana haraka kuliko wenzao waaminifu. Matokeo mazuri ya chupani yanaweza kuyeyuka kabisa kiwandani. Nikisoma kwamba uzalishaji umeongezeka mara tano, swali langu la kwanza ni kama ulipimwa kwenye chupa au kwenye tangi la kiwanda.

Sasa usugu. Bakteria anayetengeneza sumu ya kuua bakteria wenzake lazima awe na kinga dhidi ya sumu hiyo, vinginevyo atajiua. Kwa hiyo jeni za usugu zimo ndani yake tangu asili, na anayetaka atoe dawa nyingi zaidi mara nyingi hulazimika kumwongezea kinga pia, au pampu za kuitoa dawa nje ya seli. Juu ya hapo, maabara nyingi huweka jeni nyingine ya usugu, kwa mfano dhidi ya antibiotiki za apramycin au kanamycin, kama alama ya kutambua seli zilizopokea badiliko. Bakteria mwenyewe akitoroka hana maisha marefu, kwani amelelewa kwa anasa ya tangi na huko nje atashindwa na wenyeji. Lakini hoja ya udhaifu wake haitoshi, kwa sababu jeni inaweza kuhamia kwa bakteria mwingine hata baada ya mwenyewe kufa. Hapo wapinzani wana haki. Jibu la hoja yao lipo, tena la kiufundi: mbinu za sasa, ikiwemo CRISPR, zana ya kukata na kuhariri DNA mahali palipolengwa, iliyoanza kutumika kwa Streptomyces miaka ya katikati ya 2010, zinaruhusu kufanya badiliko na kuiondoa alama ile. Kiwanda kinachoiacha alama ya usugu kwenye mbegu yake ya uzalishaji leo hakina kisingizio.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, inapita chini ya mjadala wote huu, kwenye mfereji wa maji taka. Mwaka 2007 watafiti kutoka Sweden walichapisha vipimo vya maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha maji taka huko Patancheru, karibu na Hyderabad, India, unaohudumia viwanda vya dawa takriban 90. Walikuta antibiotiki ya ciprofloxacin hadi miligramu 31 kwa lita, kiwango kinachozidi kile kinachokuwa kwenye damu ya mgonjwa anayeitumia. Maji hayo yalikuwa yameshapita kwenye mtambo wa kusafishia. Bakteria wa kwenye mto unaopokea maji hayo walikuwa wakifundishwa usugu usiku na mchana. Na ciprofloxacin hutengenezwa kwa kemia tupu, hakuna kiumbe aliyebadilishwa jeni anayehusika. Ukipiga marufuku uhandisi jeni kesho, mto ule haungepata nafuu hata tone.

Matangi ya uchachushaji nayo yana taka yake: ukishaichuja dawa, zinabaki nyuzi za bakteria kwa tani, zenye masalia ya antibiotiki na DNA. China iliziingiza taka hizi kwenye orodha ya taka hatari mwaka 2008. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maji taka ya viwanda vya antibiotiki mwaka 2024 tu, miongo minane baada ya penicillin kuingia viwandani, na ni mwongozo, si sheria. Kuchelewa huko kunaniuma.

Hapa ndipo uhandisi jeni una hoja nzuri ambayo watetezi wake huitaja kwa nadra. Mbegu inayotoa mara mbili kwa tangi lilelile inaacha takataka chache kwa kila kilo ya dawa. Antibiotiki ya cephalexin ilikuwa ikitengenezwa kwa mlolongo mrefu wa hatua za kikemia zenye viyeyusho vikali. Kampuni ya DSM ya Uholanzi ilipandikiza jeni ya Streptomyces kwa kuvu wa penicillin, na sehemu kubwa ya mlolongo ule ikageuka kuwa uchachushaji na vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya maji. Viyeyusho vikapungua, nishati ikapungua. Anayejali mazingira ana sababu ya kuitaka teknolojia hii.

Na ahadi ya dawa tele na nafuu? Hapa nawapinga watetezi waziwazi. Kuvu wa Alexander Fleming, aliyegundua penicillin, walitoa takriban miligramu moja ya penicillin kwa lita, wa leo wanatoa zaidi ya gramu 50. Pamoja na ongezeko hilo la maelfu ya mara, benzathine penicillin, dawa inayozuia kaswende isimfikie mtoto tumboni, imekuwa ikiadimika katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Bei yake ilishuka mno hata viwanda vikaacha kuitengeneza, na malighafi yake ikabaki mikononi mwa watengenezaji wachache mno. Ongezeko jingine la uzalishaji, bila mpangilio wa ununuzi, linaweza kumfukuza sokoni hata yule aliyebaki. Artemisinin ya kutibu malaria ilipita njia hiyo: kampuni ya dawa ya Sanofi ilianza kuitengeneza mwaka 2013 kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa jeni, sayansi ya hali ya juu kabisa, lakini bei ya ile inayotokana na mmea ikashuka chini ya gharama za kiwanda, na kiwanda kikauzwa.

Unafuu una ubaya mwingine. Sehemu kubwa ya antibiotiki zinazouzwa duniani huishia kwa mifugo, na malighafi ikishuka bei huko ndiko inakokimbilia. Mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria. Siamini kwamba bei ya juu ndiyo breki sahihi, kwa sababu humwumiza kwanza mgonjwa asiye na uwezo, lakini anayesema bei nafuu haina madhara hasemi kweli.

Penye thamani isiyopatikana kwa njia nyingine ni kwenye dawa ambazo bado hatunazo. Jenomu, yaani jumla ya DNA yote, ya Streptomyces coelicolor ilipochapishwa mwaka 2002 kwa kazi iliyoshirikisha kundi la mwanajenetiki David Hopwood wa Norwich, Uingereza, kiumbe aliyejulikana kutoa antibiotiki chache tu alikutwa na zaidi ya makundi 20 ya jeni za kutengenezea kemikali za aina hiyo. Mengi yalikuwa yamelala, hayafanyi kazi katika mazingira ya maabara. Kuyaamsha kunahitaji kugusa jeni zinazoyadhibiti au kuyahamishia kwa bakteria mwingine. Na hapa wingi wa uzalishaji unaamua kila kitu: kemikali inayotoka kwa sehemu ndogo ya miligramu kwa lita haiwezi kufika hata kwenye majaribio ya wanyama, achilia mbali mgonjwa. Fedha za umma za utafiti ziende huku kabla ya kwenda kuongeza asilimia 10 kwa dawa ya zamani.

Kwa viwanda vilivyopo, kibali cha kutumia bakteria waliobadilishwa kiambatane na masharti yanayopimika: mbegu isiyo na alama ya usugu, taka za nyuzi kuharibiwa pamoja na DNA yake, na vipimo vya maji taka kuwekwa hadharani. Wanunuzi wakubwa wana nguvu ya kulazimisha hili bila kusubiri sheria. Norwe ilianza mwaka 2019 kuweka kigezo cha mazingira kwenye zabuni za antibiotiki za hospitali zake, na muuzaji mwenye bei ya chini zaidi hana tena uhakika wa kushinda. Zabuni kama hizo zinaweza kudai vipimo vya mfereji kwa kila mtengenezaji, awe anatumia jeni, mionzi au kemia.