Nyambizi za Denmark: chuma kinanunulika, mabaharia je?

Pale Holmen, kambi ya zamani ya wanamaji jijini Copenhagen, kuna nyambizi iliyoegeshwa nchi kavu. Inaitwa Sælen. Ina urefu wa mita 47 hivi, na iliundwa Ujerumani miaka ya 1960 kwa ajili ya Norway, kisha ikawa ya Denmark. Mwaka 1990 ilizama ikivutwa bila mtu ndani. Ikaopolewa na kutengenezwa upya. Mwaka 2003 ilikuwa Ghuba ya Uajemi kwenye vita vya Iraq, mbali mno na maji baridi iliyoundiwa. Mwaka uliofuata wanasiasa walikifuta kikosi chote cha nyambizi, kilichoanza mwaka 1909.

Tusiwacheke. Sovieti ilikuwa imekufa, na Poland na nchi za Baltiki zilikwishaingia NATO. Fedha zikaelekezwa kwenye meli kubwa za kwenda mbali.

Kisha Septemba 2022 mabomba ya gesi ya Nord Stream yakalipuliwa karibu na kisiwa cha Bornholm. Tangu hapo wapo wanaosema nyambizi zirudi, na hoja yao ina uzito. Denmark ndiyo iliyokalia mlango wa Bahari ya Baltiki. Maji ni ya kina kifupi, meli za biashara zinapiga kelele mchana na usiku, na tabaka za maji ya chumvi na yasiyo na chumvi nyingi hupotosha mawimbi ya sona, mtambo wa kutafuta vitu majini kwa sauti. Nyambizi ndogo ikizima injini na kulala chini, kuipata ni kazi. Adui atatumia meli na siku nyingi kuisaka, hata kama nyambizi yenyewe siku hiyo iko bandarini.

Lakini ili moja iwe baharini wakati wote, unahitaji kama tatu: nyingine iko matengenezoni, nyingine mazoezini. Sweden, ambayo haijawahi kuachana na nyambizi, iliagiza mbili mpya mwaka 2015 ikitarajia kuipokea ya kwanza mwaka 2022. Sasa inasubiri hadi 2031. Anayeanza sifuri atasubiri mpaka lini?

Na luteni aliyekuwa na miaka 25 mwaka 2004 leo anakaribia 50. Ufundi wa kuongoza nyambizi hufundishwa ndani ya nyambizi, na Denmark haina hata moja ya kufundishia.

Halafu kuna Greenland, kisiwa cha Aktiki kilicho chini ya Denmark, kinachoumiza vichwa zaidi sasa. Nyambizi ya dizeli huhitaji hewa ya juu ili kuchaji betri, hivyo haiwezi kukaa chini ya barafu muda mrefu. Oktoba 2025 serikali ilipotangaza manunuzi ya Aktiki, ilitaja meli, ndege za doria na kebo mpya ya baharini. Nyambizi haikuwemo.

Mimi naegemea kwa wenye shaka, ila kwa sharti moja. Sweden iko NATO tangu Machi 2024, na Norway na Ujerumani nazo zina nyambizi zao. Vijana wachache wa Denmark waombewe nafasi humo sasa hivi, kabla ya kuagiza chochote.