Moto wa Kwanza na Moto wa Pili

Kuna swali ninalopenda kuwatupia wapenzi wa historia ya vita wakishaanza kutambiana: kuanzia 1939 hadi 1945, ni marubani wangapi wa Kamandi ya Ndege za Kivita ya Uingereza waliopewa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote Uingereza? Mmoja atasema kumi. Mwingine atamtaja Douglas Bader, yule aliyerusha ndege kwa miguu ya bandia. Bader hakuipata. Aliyeipata ni mtu mmoja tu, James Nicolson, tena kwa pambano lake la kwanza kabisa na adui.

Nishani hiyo nina ugomvi nayo. Sisemi hakustahili. Nasema walimpa kwa siku ambayo si kubwa kuliko zote maishani mwake.

Siku yenyewe ilikuwa 16 Agosti 1940. Nicolson alikuwa na miaka 23, mkewe Muriel ana mimba iliyokaribia kuzaliwa. Aliruka na wenzake wawili wa Kikosi cha 249 kwa ndege aina ya Hurricane, wakashtukizwa karibu na Southampton. Risasi nne za mzinga zikampata. Moja ilirusha kipande kilichomchana kigubiko cha jicho, nyingine ikamjeruhi kisigino, nyingine ikatoboa tangi la mafuta.

Hapo inabidi uijue Hurricane kidogo. Tangi lake la akiba, lita zaidi ya 120, lilikaa mbele ya rubani, nyuma tu ya dashibodi. Likishika moto, moto haupiti pembeni, unakujia usoni. Mtu aliyewahi kurukiwa na tone la mafuta ya maandazi anajua jinsi mkono unavyojiondoa wenyewe kabla hata hujafikiri. Nicolson alikwisha anza kutoka aruke na mwavuli, mara akaiona ndege ya Mjerumani, Messerschmitt ya injini mbili, inapita mbele yake. Akarudi kitini. Akaikimbiza akiipiga, huku ngozi ya mkono wake wa kushoto, ulioshika mtambo wa mwendo, ikichunika mbele ya macho yake. Hati ya nishani inasema aliitungua. Ndipo akaruka.

Alipokuwa ananing'inia hewani, mikono haishiki kitu, chini kulikuwa na mgambo na askari wenye bunduki. Wakamdhania Mjerumani. Akamiminiwa marisawa makalioni na watu aliotoka kuwapigania. Ningependa kucheka, lakini kijana mwenzake, Martyn King, hata miaka 20 hajafika, naye aliruka siku hiyo hiyo, mwavuli wake ukasinyaa angani, akafa. Wapo wanaosema naye alipigwa kutoka chini.

Basi Novemba mwaka huo Nicolson akatangaziwa nishani. Yeye mwenyewe alishangaa, na mimi namwelewa. Vijana wengine walikuwa wamepigana kila siku majira yote ya joto, asubuhi, mchana na jioni, wakitungua ndege kumi, kumi na tano. Lakini Msalaba wa Victoria unadai mashahidi, na rubani wa ndege ya mtu mmoja huwa peke yake mawinguni. Nani wa kumshuhudia? Nicolson aliungua juu ya vitongoji vya mji, mchana kweupe, watu wakiwa wameinua shingo. Nishani huenda kwa ushujaa ulioonekana, na ule mwingine unabaki mawinguni na wenyewe.

Tena nadhani, na hapa najua nitapingwa, kilichotokea ndani ya ile ndege kilikuwa zaidi hasira kuliko uamuzi. Mwenyewe hakuficha kwamba alikuwa na hasira. Damu imechemka, adui yuko mbele, sekunde chache, basi. Wapo wengi ambao wangefanya hivyo hivyo. Siwapunguzii sifa, nasema tu kwamba moto wa kwanza haukumpa nafasi ya kuogopa.

Ugumu ulikuja baadaye. Madaktari walidhani hatapambazukiwa. Alipambazukiwa, akauguzwa kwa miezi kadhaa, mikono ile ikafundishwa upya kukunja vidole. Mtu wa namna hiyo, mwenye nishani kubwa kuliko zote, mwenye mke na mtoto mchanga, angeweza kukaa ofisini mpaka vita viishe na asiwepo wa kumnyooshea kidole. Yeye aliomba kurudi angani. Akiijua harufu ya ngozi yake ikiungua, akaingia tena kwenye chumba kile kile chenye mafuta pande zote. Hilo halikuwa la sekunde chache. Alilifikiri kitandani, usiku baada ya usiku, akiwa na akili zake timamu.

Mwaka 1943 akapewa kuongoza Kikosi cha 27 kule Burma. Burma, Myanmar ya leo, au Bama kama walivyoiita wazee wetu wa Keya, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza. Kikosi hicho kilikuwa na ndege za Beaufighter na Mosquito, hii ya pili ikiwa ndege ya mbao zilizogandishwa kwa gundi, katika nchi ya mvua na joto ambako hata kiatu huota ukungu. Kazi ilikuwa kuruka chini chini, kupiga treni, maboti ya mtoni na magari yaliyowapelekea Wajapani chakula na risasi. Alimaliza zamu yake Agosti 1944, mwezi ule ule ambao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani hao hao, tope hadi magotini na malaria juu yake. Kwa kazi hiyo Nicolson alipewa DFC, yaani Distinguished Flying Cross, nishani ya marubani iliyo ndogo zaidi, isiyokumbukwa na mtu. Mimi ningezibadilisha nafasi.

Tarehe 2 Mei 1945 alipanda Liberator, ndege kubwa ya mabomu, kama mtazamaji tu. Haikuwa lazima awemo. Walikuwa wanakwenda kupiga Rangoon, mji mkuu wa Burma wakati huo. Injini ikashika moto, ndege ikaanguka katika Ghuba ya Bengal, wakaokolewa wawili tu. Nicolson, miaka 28, hakuonekana tena. Jina lake limechongwa ukutani Singapore. Siku hiyo hiyo rubani mwingine wa Uingereza alitua uwanja wa Mingaladon, nje ya Rangoon, akakuta Wajapani walishaondoka zao.

Muriel alibaki mjane, na pensheni ya wajane wa vita ile ilikuwa ya kufedhehesha. Waliofiwa baada ya 1973 walilipwa vizuri zaidi yao kwa mbali. Mwaka 1983 akazipeleka nishani za mumewe mnadani, makusudi, ili watu waone serikali inavyowatunza wajane wa mashujaa. Zilinunuliwa kwa pauni 110,000, na mnunuzi alikuwa makumbusho ya Jeshi la Anga, jeshi lile lile la mumewe.