Usiniambie Asilimia, Niambie Uniti Ngapi

Mjomba kanitumia video saa tano usiku. Fundi kavaa helmeti, chombo cha kioo kinatoa mapovu, na maandishi mekundu yanapita chini: "Gesi ya maji, ufanisi asilimia 95!" Ni mtambo wa kupitisha umeme kwenye maji ili yagawanyike kuwa haidrojeni na oksijeni, gesi ukapikie. Halafu mjomba kaandika: "Nilipie?"

Asilimia 95 ya nini?

Mimi niliwahi kujaribu. Chupa, vibati viwili vya stenlesi, maji yenye magadi, betri ya gari. Volti 12, ampea 5, dakika 10. Juu ya kibati cha hasi nilikinga chupa kichwa chini, nikapata kama mililita 380 za haidrojeni. Nikafurahi mpaka nilipopiga hesabu: betri imetoa kilojuli 36, kwenye gesi zimo 4 na nusu. Asilimia 12! Zilizobaki zimeyapasha maji. Mapovu yangu yalihitaji kama volti 1.48 tu, mimi nimeyapa 12. Kumbe nilikuwa nimetengeneza hita.

Fundi wa video hajali hayo. Gesi zote mbili zinatoka kwenye mpira mmoja, theluthi yake ni oksijeni, na maji yakishapata moto mvuke nao unapanda humo humo. Yeye anapima ujazo wote na kuuita haidrojeni. Hapo hata chupa yangu ingeongezewa maksi.

Wakubwa wenye suti nao wana yao, ila kwa adabu. Chukua mtambo unaokula uniti 50 kutoa kilo moja ya haidrojeni. Muuzaji atakwambia ufanisi ni asilimia 79, mwenzake atasema 67, na hakuna aliyedanganya! Wa kwanza kahesabu kwamba kilo ya haidrojeni ikichomwa inatoa uniti 39.4, pamoja na joto linalorudi mvuke wake ukigeuka maji. Wa pili kahesabu 33.3, kauacha mvuke uende zake. Mwingine anapimia kwenye seli peke yake, yaani pale maji yanapogawanyika, kana kwamba pampu, kikaushio na kompresa vinaendeshwa kwa dua. Sisi tunaonunua umeme kwa uniti tuambiwe kwa uniti: kilo moja imekula ngapi, na mita ilifungwa wapi?

Haya, maabara asilimia zina kazi yake. Na haidrojeni ya kutengenezea mbolea sina ugomvi nayo. Lakini kuchukua umeme, kuugeuza gesi, kisha kuichoma chini ya sufuria, wakati jiko la umeme lipo? Jamani.

Nikamjibu mjomba: "Shikamoo. Usilipe. Mwambie fundi aunganishe mtambo kwenye mita yako ya Luku, apike maharage, msome uniti kabla na baada."

Asubuhi jibu likaja. Fundi kasema mtambo wake hautaki Luku, unataka betri. Betri yenyewe anachaji wapi, hakusema.