Pikapu Yangu Kutoka Marekani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuongelea simu barazani. Nyumba tunayopanga, huku Mbagala, ina vyumba sita, choo kimoja, na kuta zinazopitisha hata mawazo. Nilikuwa naongea na shemeji yangu anayeishi Marekani, anakuja likizo, na kwa kuwa mtandao ulikuwa unakatakata nikapaza sauti: "Shemeji, pikapu nimeshailipia! Itafika kwako Jumanne! Usije bila pikapu yangu!"

Kesho yake nikamwamkia mwenye nyumba, mzee ambaye ananidai kodi ya miezi miwili. Siku zote marahaba yake ni fupi kama kikohozi. Asubuhi ile ilikuwa ndefu, ina "mwanangu" ndani yake, na kodi haikutajwa. Jioni nikamkuta anahamisha banda la kuku. Kulikoni, mzee? "Napanua njia," akasema. Kuku wakahamia kwenye korido yetu, mbele ya mlango wangu. Mama muuza maandazi wa chumba cha tatu naye akanivuta pembeni, akaniomba siku moja nimsaidie kubeba unga kutoka Kariakoo, na mafuta atachangia yeye. Nikajua anasema mafuta ya kukaangia.

Mimi ni mpiga solo. Bendi yetu ni ya harusi na vipaimara, na gitaa langu ni nakala ya kichina ya Stratocaster, lile gitaa ambalo Fender walilitoa mwaka 1954 likiwa na pikapu tatu. Pikapu ya gitaa ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi: sumaku, na juu yake waya wa shaba mwembamba kuliko unywele umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, waya unapata umeme kidogo, na umeme huo ndio spika inautoa kama muziki. Shida ni kwamba waya huo hauchagui. Unadaka nyuzi, na unadaka pia taa za tyubu, jenereta, feni, kila kinachotumia umeme wetu unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana gitaa la namna hii, hata usipoligusa, linavuma.

Nilikuwa nimelizoea, mpaka harusi moja baba wa bibi harusi aliposimama kutoa nasaha. Ukumbi kimya. Kwenye kimya kile gitaa langu likiwa limeegemea kiti likasema mmmmmmmm. Kwa kawaida nafunga volyumu, ila wakati ule mikono yangu yote miwili ilikuwa na sahani ya pilau. Mzee akakatiza nasaha, akatazama dari. "Kuna nyuki humu?" Ukumbi mzima ukatazama dari. Mhudumu mmoja, kijana mchapakazi, akaenda kuleta dawa ya mbu, akapuliza mpaka keki ikabidi ifunikwe. Kiongozi wa bendi akanikata elfu ishirini na kuiita faini ya nyuki.

Dawa ya mvumo ipo tangu zamani. Seth Lover, fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliomba hataza yake mwaka 1955. Inaitwa hambaka: koili mbili, yaani mizingo miwili ya ule waya, badala ya moja, zimepangwa kama mawifi wawili wasioelewana. Umbea wa nje ukifika, huyu anasema ndiyo, yule anasema hapana, umbea unakufa hapo hapo. Lakini sumaku zao nazo zimegeuziana, kwa hiyo ukija wimbo wote wawili wanaimba upande mmoja. Kelele inafutika, muziki unajumlishwa. Mimi naona ni akili kubwa kuliko nyingi zilizopewa nishani.

Hambaka ya kawaida ina upana karibu sentimita nne, na tundu la gitaa langu halifiki nusu ya hapo. Nilishawahi kununua moja ya mtumba, fundi seremala akaniambia tundu litaongezwa, tena akaja na patasi ile ya kuchongea milango. Nilimrudisha kwao kwa nauli yangu.

Kumbe zipo hambaka zilizobanwa zikaenea kwenye tundu la koili moja. Koili mbili nyembamba zinalala ubavu kwa ubavu kama wapangaji wa chumba kimoja, na mara nyingi katikati ya kila moja wanaweka upanga wa chuma badala ya zile nukta sita zinazoonekana juu ya pikapu, moja chini ya kila uzi. Nikakaa wiki nzima nachagua. Wanaojua husema mpiga dansi achague ile ya upole, sauti ibaki nyembamba na ing'ae, sebene lisikike kila nota. Mimi nikatazama kiloomu, kipimo cha ukinzani wa ule waya. Zangu za zamani zilikuwa na kama 6, hii moja ilikuwa na zaidi ya mara mbili. Nikaona namba kubwa ndiyo mali, kama anavyochagua mtu anayenunua tikitimaji. Ilikuwa ya DiMarzio, kampuni ya kutengeneza pikapu. Shilingi 250,000, na ndiyo, ile kodi ilikuwa humo.

Shemeji akafika Jumamosi. Nyumba nzima ikatoka nje, na mzee alikuwa amevaa kanzu. Shemeji akashuka kwenye bajaji, akasalimia, akaingiza mkono kwenye begi, akatoa soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na pikapu.

"Hii ndiyo pikapu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Inabeba nini?"

"Inabeba sauti."

Akaishika, akaipima uzito kiganjani, akairudisha kwenye soksi. Kuku mmoja alilia kule koridoni.

Shemeji alikuwa ametupa boksi na karatasi ya maelekezo ili lotion za dada zangu zienee. Nikabaki na pikapu yenye nyaya tano: nyekundu, nyeusi, nyeupe, kijani, na mmoja uliovuliwa nguo. Fundi redio wa mtaani akauliza upi unakwenda wapi. Nikaingia kwenye simu, nikapata mchoro mzuri wa rangi: nyeusi ndiyo inayotoa sauti, nyekundu na nyeupe zinafungwa pamoja, kijani na ule mtupu zinakwenda ardhi. Niliona kwamba mchoro ni wa Seymour Duncan, kampuni nyingine ya pikapu. Niliona kabisa. Fundi akasita, "Kaka, una uhakika?" Nikamjibu kama profesa: rangi ni rangi.

Akalehemu. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo hatukujaribu kwenye spika, ila akapima kwa mita na namba ikaja sawasawa. Bila shaka ilikuja sawasawa. Mita inahesabu waya tu, haijui mawifi wametazama wapi. Kwenye DiMarzio nyekundu ndiyo inayotoa sauti, na nyeusi ndiyo inayofungwa na nyeupe. Tulikuwa tumemgeuza wifi mmoja kichwa chini.

Wiki hiyo tulikuwa na harusi Tabata. Nikamwambia kiongozi leo utasikia ukimya, hujawahi kuusikia. Tukaanza. Besi ikaingia, rithimu ikaingia, sebene likafika, nikavuta solo kwa madaha, na kwenye spika ikatoka sauti ya mbu aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa. Nikaongeza volyumu. Mbu hakukua, ila mvumo ukaja kama lori la mchanga linapanda mlima. Maana mawifi walikuwa wamepatana kwenye umbea na wanagombana kwenye wimbo. Nilikuwa nimelipa robo milioni kwa kidude kinachofuta muziki na kubakiza kelele.

Kiongozi akanisogelea huku anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Bwana mdogo," akasema bila kufumbua meno, "lile la nyuki lilikuwa zuri."

Nikasogeza swichi kwenye pikapu ya zamani, kimyakimya, kama mtu aliyehama kwao kwa mbwembwe na sasa anagonga usiku kuomba ufunguo. Ikanipokea na mvumo wake wote. Faini safari hii ilikuwa elfu arobaini.

Kubadilishana nyekundu na nyeusi kulichukua dakika tano. Fundi alidai pesa ya kazi ya pili, na alipokuwa anahesabu noti alisema taratibu, "Rangi ni rangi." Sikumjibu.

Jioni nikaunganisha gitaa barazani, nikafungua volyumu mpaka mwisho, sikugusa uzi. Mzee akaja na tasbihi yake, akainamisha sikio kwenye spika.

"Bado haijawaka?"

"Imewaka, mzee. Imefunguliwa mpaka mwisho."

"Mbona kimya?"

"Hicho kimya ndicho nilichonunua."

Akabaki ameinama muda kidogo, anasikiliza. Kisha akajinyoosha. "Miezi yangu miwili," akasema, akaenda kurudisha banda la kuku.