Kijojia au Kimarathi: kipi kigumu kwa aliyekulia Kiswahili?

Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huzipanga lugha kwa wiki za masomo. Kiswahili kimepewa wiki 36. Kijojia kimepewa 44, na Kihindi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kimarathi, 44 vilevile. Orodha hiyo inazunguka sana mitandaoni, na wengi huinukuu kana kwamba inapima ugumu wenyewe. Kinachopimwa pale ni umbali wa lugha kutoka Kiingereza. Aliyekulia Kiswahili anaanzia kwingine kabisa, kwa hiyo hesabu yake haiwezi kuwa hiyo.

Tuwekane sawa kwanza. Kijojia ni lugha ya Georgia, nchi ya Kaukazi ambayo mji wake mkuu ni Tbilisi. Lile jimbo la Marekani halimo humu. Wasemaji wake ni takriban milioni nne, na ukoo wake una lugha nne tu, ikiwamo yenyewe. Kimarathi ni lugha ya jimbo la Maharashtra nchini India, na sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 83 waliokitaja kuwa lugha yao ya kwanza. Udugu kati ya lugha hizi mbili haupo.

Wanaodai Kijojia ndicho kigumu huanzia kinywani, na hapo wana haki. Kuna neno hupenda kutajwa, *gvprtskvni*, lenye konsonanti nane kabla ya irabu yake ya pekee. Maana yake ni "unatumenya". Ni kioja cha vitabu zaidi kuliko neno la mtaani, maana watu hawamenywi, lakini linaonyesha kinachomsubiri mwanafunzi. Juu ya hapo kuna sauti za kupasua koo: *k* ya kawaida ipo, na ipo nyingine inayotamkwa kwa pumzi iliyofungwa, na ukizichanganya maana inabadilika. Waamhara wangezitambua sauti za namna hiyo. Sisi hatuna.

Lakini hebu litazame neno hilohilo upya. *Gv-* ni "sisi" tunaotendwa, kisha ndiyo mzizi. Kiswahili hufanya hivyohivyo: u-na-tu-menya. Kitenzi cha Kijojia kimebeba mtenda na mtendwa kwa pamoja, na hilo ndilo huwachosha wasemaji wa Kiingereza. *Vkhedav* ni "naona". *Gkhedav* ni "nakuona". *Mkhedavs* ni "ananiona". Mtoto wa darasa la pili Morogoro anaunda vitenzi vya namna hii siku nzima bila kujua kuwa ni mada ngumu ya isimu. Tofauti ni kwamba Kijojia kina nafasi moja tu ya alama ya mtu mbele ya mzizi, kwa hiyo *g-* ya "wewe" ikiingia, *v-* ya "mimi" inatoka. Wazo lenyewe Mswahili analo tayari. Kinachobaki ni kukariri maumbo, ingawa ni mengi.

Kimarathi nacho kina cha kumpa. Nomino zake zina jinsia tatu, na maneno yanayoambatana nazo hubadilika kwa kuzitii: *majha hat*, mkono wangu, *majhi bhint*, ukuta wangu, *majhe ghar*, nyumba yangu. Aliyezoea "mkono wangu, nyumba yangu, kiti changu" hashangai. Ila ngeli zetu mara nyingi hujitangaza kichwani mwa neno, wakati *hat*, *bhint* na *ghar* hayana dalili yoyote usoni. Hapo ni kukariri neno moja baada ya jingine. Kijojia hakina jinsia kabisa, na kama sisi, kina kiwakilishi kimoja kwa mwanamume na mwanamke.

Kuna jambo moja linalowafanya wanaisimu waziweke lugha hizi meza moja. Katika zote mbili, tendo likishakwisha, mtenda huvishwa alama ambayo wakati uliopo hana. Kwa Kijojia, mtu anayekula tufaha ni *katsi*. Akishalila anakuwa *katsma*. Kwa Kimarathi, Ram anayekula embe ni Ram tu. Akishalila tunasema *Ramne amba khalla*. Ukisomea hapo tu utadhani ni mapacha.

Mimi nadhani ufanano huo unatiwa chumvi. Katika Kimarathi kitenzi kinamwacha Ram na kumfuata embe: *khalla* ni ya kiume kwa sababu embe ni la kiume. Akila *poli*, mkate wa chapati, ambao ni wa kike, inakuwa *khalli*. Hata mwanamke, tuseme anaitwa Sita, akila embe, bado ni *khalla*. Sababu ni ya kihistoria: umbo hili lilitokana na kauli ya kutendwa ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yaani chini yake kuna kitu kama "embe limeliwa na Ram". Kijojia hakifanyi hivyo. Kitenzi kinaendelea kumtii mtenda, na wakila watu wengi kinageuka kufuata wingi wao. Zaidi ya hayo, mtoto akilia tu, bila kutenda kitu kingine chochote, Kijojia bado humvisha alama ile, *bavshvma itira*. Kimarathi kinamwacha bila alama, *mulga radla*.

Wanaosema Kimarathi ndicho kigumu wana hoja moja ambayo huwa haijibiki: namba. Kijojia huhesabu kwa ishirini-ishirini. Arobaini ni *ormotsi*, ishirini mbili. Sabini na saba ni ishirini tatu na kumi na saba. Inachosha, lakini ukiijua kanuni umeimaliza. Katika Kimarathi 21 ni *ekvis*, 31 *ekatis*, 41 *ekkechalis*, 51 *ekkavanna*, na hali ni hiyo hadi karibu na mia, kila namba na sura yake. Mwaka 2019 kitabu cha hesabu cha darasa la pili Maharashtra kilijaribu kuwarahisishia watoto kwa kusema "ishirini moja" badala ya *ekvis*, na ukazuka ubishi mkubwa. Wazawa wenyewe wanakiri kwamba ni mzigo, ila hawataki kuutua.

Katika maandishi Kijojia kinashinda waziwazi: herufi 33, kila moja na sauti yake, wala hakuna herufi kubwa za kukumbuka. Devanagari, maandishi ya Kimarathi, inataka subira, hasa pale konsonanti zinapounganishwa. Kwa upande mwingine, ukijua Kimarathi Kihindi kinakuwa karibu, na maandishi yake umeshayajua. Kijojia hakikufungulii mlango wa pili.

Kwa hiyo mwenye rafiki au biashara Pune, mji wa Maharashtra, aanze na Kimarathi, namba azikariri mapema, na ajue kuwa Mumbai watu wengi watamgeuzia Kihindi kabla hajamaliza sentensi. Asiye na sababu yoyote ila kupenda lugha ningemwelekeza Kijojia, mradi akubali kwamba kwa miezi kadhaa ataendelea kuzisikia zile *k* mbili kama moja.