Gari la Ukweni

Jamaa yangu ameshawatangulia kuwasimulia yaliyonikuta ukweni na gari la kukodi, na kwake eti nililia. Sikulia. Ni jasho lililopitia machoni.

Nilikodi gari, Toyota IST, pale Tanga mjini niende Tongoni, njia ya Pangani, kujitambulisha ukweni. Mwenye gari, mama mmoja mpole, akanieleza: bima kubwa ipo, ila gari likiumia, laki 3 za mwanzo zinanihusu mimi, bima inamalizia. Nikiongeza 15,000 kwa siku, hizo laki 3 hanidai. Nikacheka moyoni. Tanga na Tongoni hapo, nitagonga nini, mkonge? Ile 15,000 nikainunulia halua ya wakwe.

Nimeingia vioo vyote chini, taarabu juu. Mzee akalizunguka gari.

“Lako hili?”

“Alhamdulillahi, mzee.” (Someni vizuri. Sikusema ndiyo.)

“Bima kubwa au ndogo?”

“Kubwa, mzee wangu. Ndogo inamlipa uliyemgonga tu, gari lako utajijua mwenyewe.”

Akaridhika, akaniambia nilisogeze kivulini. Kivuli chenyewe cha mnazi.

Tuko kwenye pilau, tukasikia puu! Nazi kavu, katikati ya kioo cha mbele. Kioo hakikumwagika, kimetanda nyufa kama utando wa buibui. Nazi yenyewe haina hata mkwaruzo.

Nikajikaza. “Ngojeni niongee na watu wa bima.” Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikampigia yule mama mwenye gari, nikazungusha ufunguo ili nipandishe vioo nipate faragha. Jamani. Ufunguo ule ule ndio unaowasha redio, na redio ilikuwa bado inaikumbuka simu yangu. Mlio wa kwanza niliusikia sikioni. Wa pili ukatokea kwenye spika zote, na kioo cha dereva ndiyo kwanza kimefika nusu.

“Haloo, baba! Gari yangu iko salama?”

Uwanja mzima kimya. Kijiko cha mtu kikagota sahani. Nikabonyeza simu, wapi. Nikabonyeza redio, kumbe kitufe chenyewe ni cha kuongeza sauti.

“Maana ile elfu kumi na tano uliikataa, ukasema wakwe hawajui magari, wataona linang’aa tu, na jioni unanirudishia!”

Nikachungulia kwenye upenyo wa nyufa, nikamwona mama mkwe kajifunika mtandio uso mzima, mabega yanacheza. Mzee yeye hakucheka. Alikuwa na tonge mkononi, halipandi wala halishuki, ananitazama.

Nyie mnaonitumia picha za nazi, majina yenu ninayo.

Basi. Laki 3 nimelipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi. Posa haijakataliwa. Mzee alinisindikiza mpaka garini, akaniinamia dirishani, akauliza kwa upole kama kanzu nayo inarudishwa jioni.