Miezi Mitatu Hadi Kiunoni, Eti

Mengi yamesemwa na kuulizwa juu ya nywele zangu ndefu, hata natumia mafuta gani, nikanyamaza, lakini la juzi limenishinda. Nilikuwa ndani ya basi steji ya Nakuru, tukisubiri lijae tuteremke Kisumu, akapanda yule mchuuzi ambaye sote tunamjua. Si lazima awe yuleyule, wote wamefundwa na mwalimu mmoja. Akaanza na maombi ya safari, akapitia minyoo, akagusa maumivu ya mgongo, kisha akatoa chupa ya mafuta ya kijani yenye picha ya mwanamke wa nywele za singa ambaye hajawahi kupita hata karibu na Salgaa. "Miezi mitatu, nywele kiunoni!" Watu wakaguna. Ndipo akanigeukia mimi niliyekaa dirishani, misokoto yangu nimeivuta mbele isibanwe na kiti. "Muulizeni huyu siste. Ni kastoma wangu wa zamani."

Sijawahi kumwona mtu huyo maishani mwangu. Nilipofungua mdomo nimkanushe, mama wa kiti cha nyuma alikuwa tayari anahesabu noti, na kabla dereva hajawasha gari chupa kadhaa zilishanunuliwa kwa ushuhuda wa kichwa changu. Hata kamisheni sikupewa.

Sasa nisikizeni, maana nimekasirika na nina hesabu.

Nywele za binadamu huota takriban sentimita moja kwa mwezi. Za singa hupita hapo kidogo, zetu za kujikunja hubaki chini yake kidogo. Miezi mitatu basi ni sentimita tatu ukibahatika, yaani upana wa vidole viwili. Kutoka utosini hadi kiunoni kwangu, nikizivuta zikanyooka, ni karibu sentimita 60. Mchuuzi wetu ameichukua miaka sita akaishindilia kwenye chupa ya shilingi mia mbili, na bado anapanda mabasi badala ya kupokea tuzo ya Nobel.

Halafu wanasema mafuta "yanalisha" nywele. Yanalisha nini? Unywele ukishachomoza kwenye ngozi umekufa, na ndiyo maana kinyozi anakunyoa na hulii. Kilicho hai kiko chini ya ngozi, na chakula chake kinakuja na damu. Omena na sukuma wiki za jana zina kazi kubwa huko kuliko chochote utakachomimina juu.

Lakini uongo mkubwa si ule wa chupa. Uongo mkubwa ni ule tulioumeza sisi wenyewe, kwamba nywele zetu hazioti. Naambiwa kila wiki. "Wewe una bahati, zangu hazioti kabisa." Anayeniambia hivyo ni mwanamke aliyesuka rasta mwezi uliopita na sasa anatafuta msusi wa kuzifumua kwa sababu zimeshuka, zinaning'inia, mizizi inaonekana. Jameni, hizo rasta zimeshukaje? Nani amezisukuma? Au ni yule wa kemikali za kunyoosha, anayerudi saluni kila baada ya wiki nane kupaka mizizi iliyosimama. Unalipa pesa kwa sababu nywele zimeota, kisha unatoka mlangoni ukilia kwamba haziwezi kuota. Zinaota juu, zinakatika chini, na urefu unabaki palepale mwaka nenda mwaka rudi.

Kwa hiyo swali la mafuta gani natumia ni swali la bure. Swali ni zinakatikia wapi, na nani anazikata.

Unywele wetu ukiukata ukautazama mkato wake kwa hadubini hauna umbo la duara, una umbo la duaradufu, na kila unapojikunja hapo ndipo penye udhaifu. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa, ambayo kwa mwenye singa huteleza mpaka nchani, kwetu hukwama kwenye kona ya kwanza. Matokeo yake ncha ni kavu, na ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote. Hizi ninazozishika nikiandika zilikuwa mizizi siku za kafyu ya korona. Zimeoshwa, zimechanwa, zimepigwa na jua la Kisumu na vumbi la boda miaka yote hiyo. Kitenge cha umri huo ungekifua taratibu ukakianika kivulini. Nywele za umri huo unampelekea mtu azivute huku anaangalia simu.

Niliingia saluni moja hapa Kisumu, jina nalihifadhi, nikitaka tu mistari ya kulala nyuma. Msusi alikuwa msichana mwenye adabu zake. "Anti, nywele zako ni ngumu. Tupige bloudrai kwanza." Nikamwambia hapana, naomba maji na kondishona. Akamtazama mwenzake, mwenzake akaitazama dari. Kisha akachukua shanuo la meno yaliyobanana, akalitia kwenye mizizi, nywele zikiwa kavu, akavuta kwenda chini. Tik, tik, tik. Ule mlio mnaujua. Tumekua nao, mama zetu walitushika kichwa katikati ya mapaja tukausikiliza Jumapili jioni, tukaambiwa nywele zinanyooka. Hazinyooki. Ule ni mlio wa miaka miwili ikikatika kwa mkono mmoja. Sakafuni palikuwa na vipande vifupi vyangu, na kipande kifupi hakikutoka kwenye mzizi. Nywele zinazodondoka zenyewe, kati ya 50 na 100 kwa siku kwa kila mtu, huanguka nzima na kijidoti cheupe mwishoni. Vile vya sakafuni havikuwa na kijidoti chochote. Na nilipokuja kulipa, nikaongezewa mia tatu. Kwa nini? "Ni nyingi, anti." Nimelipa faini ya kuwa na nywele ambazo wamenipunguzia.

Namna ya kuzichana si siri na haihitaji mchuuzi. Zilowe kwanza. Kondishona, na usione uchungu kuimwaga. Uzigawe mafungu manne au sita, ufunge yale ambayo hujayafikia. Vidole vitangulie, vitafute mafundo, vifungue lile linalofunguka. Kisha kitana cha meno mapana, uanzie nchani, upande kidogo, upande tena, mzizi uwe wa mwisho. Ukimaliza fungu, lisokote kabla hujaenda kwa jingine, la sivyo litajifunga upya na utamlaani mwandishi. Kwangu kazi hiyo hula Jumamosi asubuhi yote, na majirani wamezoea kuniona barazani na kitambaa begani. Baada ya hapo naziacha, na hii ndiyo sehemu wanaoniuliza hawaitaki. Nazisokota na siziguzi wiki nzima au zaidi. Usiku nafunga kitambaa cha satini, ambacho sikukinunua kwa mtu wa nywele. Nenda Kibuye Jumapili, kwenye mafungu ya mitumba, utapata blauzi ya satini kwa bei ya soda, uikate uishone foronya. Pamba ya mto hunywa unyevu na kukwaruza usiku kucha.

Imekaa kama kazi ya kuchosha? Ni ya kuchosha. Ndiyo maana chupa inauzika.

Na sasa rasta za kukaza. Hapa sitanii hata kidogo. Tumefika mahali ambapo mtoto wa miaka saba akisukwa kufungulia shule humezeshwa Panadol ndipo alale, na watu wazima wanaona ni jambo la kawaida. Macho yamevutwa, vipele vyeupe vimetokea kwenye paji la uso, na tunamwambia "umependeza." Vile vipele ni mizizi inayolia. Ikivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka huacha kuotesha, na paji linapanda mpaka mwanamke wa miaka thelathini anatafuta wigi ya kufunika alichofanyiwa akiwa darasa la pili. Msiniambie ndivyo nywele za Mwafrika zilivyo. Upara wa namna hii uliandikwa na daktari mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, kwa sababu walifunga nywele juu kwa kuzikaza. Ukivuta ngozi yoyote kwa muda mrefu, itakata tamaa.

Najua, wasusi watanijia juu. Haya, nawapa haki yao, ingawa nusu tu. Msusi analipwa kwa kichwa, si kwa saa. Wiki ya mwisho ya Agosti anasimama tangu alfajiri, mgongo umekufa, vidole vimevimba, na wateja wenyewe ndio wanaosema, "Kaza dada, nataka zidumu hadi mid-term." Kisha zikilegea baada ya wiki mbili mteja huyohuyo anasema kibanda hiki hawajui kazi. Sawa. Lakini mtoto hakusema kaza.

Kuna ushahidi mwingine ambao wauza chupa hawautaji. Angalieni waliofikisha nywele mbali kweli. Field Marshal Muthoni wa Kirima alitoka msituni na dredi zake za Mau Mau akakataa kuzikata mpaka tarehe 2 Aprili 2022, alipozinyoa mbele ya watu Nyeri, Mama Ngina Kenyatta akishika mkasi. Zilikuwa zimeshuka mbali mno. Zilipita karibu miaka sabini bila serum, bila matone ya mchele, bila kifurushi cha hatua saba. Mwaka uliofuata alitutoka, na mimi bado nikiiona ile picha nashindwa kuendelea na kazi. Asha Mandela wa Marekani dredi zake zilipimwa mwaka 2009 zikafika mita 5.96. Wawili hao wanafanana kwa jambo moja: hakuna shanuo lililopita humo. Tena dredi huhifadhi hata zile zinazodondoka, kwa sababu unywele ukishamaliza muda wake wa kuota, ambao kwa kawaida ni kati ya miaka miwili na saba, hung'oka lakini hubaki umenaswa na wenzake. Kwa sisi tunaochana, muda huo ndio ukomo wetu. Mwenye mizizi ya miaka mitatu hatafika kiunoni hata akihamia kwa msusi wa malaika, na hilo hana wa kumlaumu isipokuwa nyanya zake.

Mafuta nayo, shingo upande, nakubali yana kazi. Ya nazi yamepimwa na kuonekana kupunguza protini inayotoka kwenye nywele wakati wa kuosha. Ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda, yale laini yanayovuka kwa Busia, napaka mimi mwenyewe juu ya maji ili unyevu usitoroke. Kuzuia unyevu ni kazi ya heshima. Kuotesha ni kazi nyingine, na chupa haina uwezo huo. Paji likianza kupanda, usimtafute mchuuzi, mtafute daktari wa ngozi mapema, kabla mizizi haijakufa.

Mengine kwa haraka. Maji ya Nakuru yanalaumiwa kwa kila kichwa kilichopungua. Floraidi ya visima vile imetia meno ya wengi rangi ya kahawia, hilo kweli, lakini kabla ya kuyashtaki kwa nywele angalia kwanza shanuo lako. Kemikali: utafiti wa Marekani wa Oktoba 2022 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 ukakuta waliozitumia mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasiozitumia. Hautoshi kuthibitisha chanzo, lakini mimi ulinitosha. Shule zinazonyoa wasichana kipara ili "wasome": Mahakama Kuu ilisema Septemba 2019 kwamba msichana Mrasta asifukuzwe kwa ajili ya dredi, na bado kuna walimu wanaoamini fizikia inaingilia kichwani penye upara. Kuhusu liedo, ile mila ya Wajaluo ya kunyoa nywele baada ya msiba, shangazi zangu waliguna baada ya mazishi ya babu, nikakata kishungi kimoja nikakikabidhi, tukala. Na wanaume mnaozivuta kwenye foleni ya benki mkiuliza "ni zako?": zikiwa si zangu, mnavuta mali ya nani?

Sijasema kila mtu azirefushe. Dadangu ananyoa kila wiki mbili kwa kinyozi wa Migosi na anapendeza kunishinda, nusu saa na ameshatoka, mimi bado nazilowesha. Wigi nazo ziacheni, kuna asubuhi hata mimi nazionea wivu.

Ninachotaka kwa wasusi wa mji huu ni makubaliano ya kibiashara. Nitozeni kwa saa. Ikichukua saa nne kuzichana zikiwa zimelowa, kuanzia nchani, nitalipa saa nne, na chai ya msusi juu yangu, na chapati. Ila lile shanuo la meno ya kubanana liwekwe kwenye droo kabla sijakaa, na droo ifungwe.